Mahindi: ujue kiwavi kabla ya kupanga bei

ISONGOLE — Neno "viwavi" likishasikika sokoni, mwenye mahindi hufunga ghala na mnunuzi huanza kuongeza dau. Kwa wafanyabiashara wa hapa Isongole, wilayani Ileje, mpakani na Malawi, fedha nyingi zaweza kupotea kwa uvumi huo, kwani wapo viwavi wa aina tatu, wote watoto wa nondo wa ukoo mmoja, na kila mmoja ana hasara yake.

Wa kwanza ni kiwavijeshi wa Afrika. Huyu hutembea kwa makundi, ni mweusi mgongoni, mwenye michirizi myeupe ubavuni. Hula nafaka na nyasi, maharage huyaacha. Baada ya wiki mbili hadi tatu hivi hujichimbia ardhini. Mahindi machanga huweza kuchipua tena, na hapo mavuno huchelewa.

Wa pili ni kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, aliyeripotiwa Nigeria mwaka 2016 na kuingia Tanzania mwaka 2017. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Hujificha moyoni mwa mhindi na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Kizazi hufuata kizazi msimu mzima, na hatimaye huingia kwenye gunzi, ambako tundu lake hukaribisha ukungu. Hapa hupungua magunia na ubora pia.

Wa tatu ni funza wa mabua, mkazi wa nyanda za juu. Ni mweupe wa kuelekea waridi, hana madoa manne. Hutoboa majani machanga kwa mstari, kisha huingia ndani ya bua, nalo hukatika.

Kwa wauza pembejeo, tofauti hii ni mtaji. Kiwavi akishaingia ndani ya bua au ardhini, dawa ya kunyunyizia haimfikii, na mteja aliyepoteza fedha harudi.

Hivyo, kabla ya kutoa arbuni kwa mahindi yaliyo shambani, mnunuzi afunue moyo wa mimea kadhaa katika kila pembe ya shamba, atazame kichwa na mkia wa kiwavi, na akiwa na shaka amwite bwana shamba. Dawa nayo iwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).