Mizani ya Viazi Yaweza Kumfunza Mtoto Nguvu

Mtoto wa chekechea hapa Timau huona mizani ikining'inia shambani wakati wa mavuno ya viazi kabla hajajua kusoma namba zilizo juu yake. Mwalimu au mzazi anayetaka kumweleza jinsi nguvu inavyopimwa aanzie hapo.

Nguvu yenyewe haionekani, ila kazi yake huonekana. Chukua ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ufunge kwenye msumari ukutani, kisha uning'inize mfuko mdogo. Mtoto atie kiazi kimoja, ukanda urefuke. Atie cha pili, urefuke zaidi. Kila mara achore alama kwa chaki. Sasa toa viazi, umwambie avute kwa mkono hadi alama ya viazi vitatu. Atasema mwenyewe kwamba mkono wake umevuta sawa na viazi vitatu, na hapo amepima nguvu. (Wengine watavuta hadi ukanda ukatike, kwa hiyo weka wa akiba.)

Mizani ya springi hufanya vivyo hivyo. Mwaka wa 1678 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni yake: springi hurefuka kwa kadiri inavyovutwa. Kipimo cha nguvu ni nyutoni, na kiazi cha gramu 100 huvutwa na dunia kwa karibu nyutoni 1. Jina hilo mtoto anaweza kulisubiri.

Mkulima asisubiri. Mizani ya springi hupima mvuto, kisha husomeka kwa kilo. Timau iko karibu na Ikweta, tena juu mlimani, na mvuto wa dunia hapa ni mdogo kidogo kuliko London. Mizani iliyorekebishwa kule ingepunja gunia la kilo 50 kwa takriban gramu 200. Ndiyo sababu mojawapo mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka papa hapa nchini, chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 513.

Hasara kubwa zaidi hutoka kwa gunia lisilopimwa kabisa, lile la kushonewa kilemba cha wavu juu. Kanuni za viazi za 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Kabla ya kupakia, dai mizani na utazame muhuri wa mwaka huu. Usipouona, mwarifu afisa wa vipimo wa kaunti kabla lori halijaondoka.