Wakanda Si Wamakonde, na Ndona Haivaliwi Mdomo wa Chini

Nimeulizwa tena. Safari hii ni kijana wa bodaboda, stendi ya Masasi, ametoka banda la video muda huohuo: "Mwalimu, Wakanda si ndiyo sisi Wamakonde? Wamegeuza herufi tu ili wafiche." Kabla yake aliniuliza mwalimu mwenzangu wa Newala, na kabla ya huyo mpwa wangu, ambaye alishajua hata nchi yenyewe ilipo: chini ya Shimo la Mungu la Newala, imefunikwa na ukungu wa bonde la Ruvuma. Mimi kazi yangu ni isimu ya lugha za Kibantu, na katuni nimezisoma tangu enzi za kuazimana Sani chini ya dawati. Nimekuwa nikijibu kwa upole. Upole umeisha.

Tuanze na herufi. Ili Wamakonde wawe Wakanda, inabidi uing'oe ma-, ugeuze o iwe a, kisha na ile e ya mwisho uigeuze a. Kanuni ya lugha haifanyi kazi hivyo. Huko ni kulichinja neno mpaka likubali. Kwa mtindo huo hata Wakinga na Wakonongo ni Wakanda. Sisi wenyewe hujiita Vamakonde, na lugha yetu ni Chimakonde: viambishi vya mbele vinabadilika, ma- imebaki palepale. Wakamba wa Kenya, ambao nao huletwa kwenye ubishi huu, wana hoja nzuri kuliko sisi, kwani kwao ni mb kuwa nd tu. Hata wao hawajashinda.

Sasa lile linalonikera zaidi. Katika katuni za Black Panther, Wakanda ni jina la nchi. Kibantu hakiiti nchi kwa wa-. Waganda wako Uganda, Wahehe wako Uhehe, Wamakonde wako Umakondeni. Mtunzi aliyeijua sarufi yetu angeandika Ukanda, nasi tungecheka, maana tungefikiria ngozi ya kufungia suruali. Tena wananchi wake kwa Kiingereza huitwa "Wakandans", yaani wamebandikwa mkia wa Kizungu nyuma huku kile kichwa kinachodaiwa kuwa cha Kibantu hakifanyi kazi yoyote. Na ukilisoma Wakanda kwa Kiswahili, ni sentensi kamili: wewe wakanda. Wakanda unga, wakanda udongo. Mama ntilie ana haki ya kuidai nchi hiyo kabla yetu.

Neno lenyewe lilikuwepo Marekani zamani. Waomaha, mojawapo ya makabila ya asili ya huko, huita Wakanda ile nguvu takatifu iliyo katika vitu vyote. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa Black Panther Julai 1966, katika Fantastic Four namba 52, wakiwa New York. Kuipata sauti hiyo hakukuhitaji nauli ya meli hadi Mtwara. Na hizo ritifaa za majina ya wahusika wake, T'Challa, M'Baku na W'Kabi? Kwetu ritifaa ina kazi: hutenganisha ng'oa na ngoa. Kwao imenyunyizwa kama chumvi, ili jina lionekane la Kiafrika.

Nikifika hapo huletewa ushahidi wa mwisho, yule mzee wa suti ya kijani kwenye filamu ya 2018, mwenye sahani mdomoni. "Ile ni ndona, Mwalimu!" Si ndona. Ndona, pambo letu la mdomo, ilivaliwa na wanawake, tena mdomo wa juu. Itazame kwenye barakoa zetu za mapiko ukibisha. Mzee yule ni mwanamume, na sahani yake iko mdomo wa chini, wanakoivaa wanawake wa Wamursi na Wasurma wa Ethiopia. Ruth E. Carter, mbunifu wa mavazi aliyepata Oscar kwa filamu hiyo, alichota huku na huko: Wamaasai, Wandebele, Wahimba. Bibi zetu hawakuwemo kwenye sahani ile.

Fumbo la kweli la Kiswahili kwenye kazi za Wamarekani lina mashahidi. Uhura wa Star Trek, naye wa 1966, ametokana na neno uhuru. Nichelle Nichols aliyemwigiza alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili na riwaya ya Robert Ruark yenye jina Uhuru. Kabila la Jabari kwenye filamu ya Black Panther lina jina ambalo Mswahili yeyote analitambua bila kung'oa hata herufi. Lakini mchukue Ororo, yule Storm wa X-Men wa 1975 anayekutwa Kenya. Kwetu -ororo ni laini, kama mchanga mwororo. Sauti ni ileile, karibu mara kumi kuliko Wakanda na Makonde, na bado simwandiki kwenye daftari la Kiswahili kwa sababu ya kufanana tu.

Unataka kuwinda mafumbo? Haya, haraka. Anza na tarehe ya toleo la kwanza la katuni, si ya filamu. Tafuta mahojiano ya mchoraji. Hawa watu hupenda kujisifu. Kuza picha, uangalie vibao, viatu vya wapita njia, maandishi ya ukutani: yale ya filamu ya Black Panther yametokana na nsibidi ya Nigeria. Neno ukilishuku, mpelekee anayeizungumza lugha hiyo. Ukikosa vyote, sema "yanafanana" unyamaze.

Au achana na ya New York. George Lilanga alizaliwa Kikwetu, hapahapa Masasi, mwaka 1934, akaingia Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam akiwa mlinzi, akatoka mchoraji anayejulikana duniani. Mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotuna wamejazana hadi pembeni mwa picha, kila mmoja na shughuli yake, kama ukurasa wa katuni uliokosa maputo ya maneno. Huko nyuma ya picha kuna mambo yetu kweli, na hakuna aliyewahi kunisimamisha stendi kuniuliza juu yake.

Kuhusu Wakanda, atakayeniuliza tena aje na namba ya toleo.