Ukarabati wa pikipiki za kale

Ukarabati wa pikipiki za kale ni kazi ya kuirudisha pikipiki ya zamani katika hali ya kutembea tena barabarani, au katika hali inayofanana na ile iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani. Kazi hiyo inahusisha kuitambua pikipiki, kuifungua, kusafisha na kupima sehemu zake, kutengeneza zile zinazotengenezeka na kutafuta vipuri vya kuchukua nafasi ya zile zilizokwisha.

Shirikisho la kimataifa la vyombo vya usafiri vya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linahesabu chombo kuwa cha kihistoria kikiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, kimetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria na hakitumiki kwa safari za kila siku.

Mara nyingi ugumu mkubwa wa kazi hii hauko katika ufundi wenyewe bali katika vipuri. Viwanda vingi vilivyounda pikipiki hizo vimefungwa zamani, na vilivyobaki haviuzi tena sehemu za miaka hiyo. Kwa hiyo mkarabati hukabiliwa na swali lilelile kwa kila nati na kila bolti: je, sehemu hii ibaki, itengenezwe au ibadilishwe? Makala hii inatumia mfano wa BSA Bantam, pikipiki ndogo ya Uingereza ambayo bado inakarabatiwa sana.

Mfano wa BSA Bantam

BSA ilianzishwa mjini Birmingham mwaka 1861 kama kampuni ya kutengeneza bunduki, kisha ikaingia katika baiskeli na pikipiki. Bantam ilianza kuuzwa mwaka 1948 na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 1971. Haikubuniwa Uingereza. Asili yake ni pikipiki ya Kijerumani iitwayo DKW RT 125, kazi ya mhandisi Hermann Weber. Baada ya Vita Kuu ya Pili michoro yake ilichukuliwa na nchi zilizoshinda kama sehemu ya fidia ya vita. Kutokana na muundo huo zilizaliwa pikipiki za Harley-Davidson nchini Marekani, za Moskva katika Umoja wa Kisovyeti, na nchini Japani Yamaha YA-1 ya mwaka 1955.

Bantam ya kwanza, iliyoitwa D1, ilikuwa na injini ya mipigo miwili yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 123 na gia tatu. Posta ya Uingereza iliitumia kwa vijana waliopeleka simu za maandishi nyumba kwa nyumba. Baadaye zilifuata D3, D5, D7, D10, D14/4 na B175, na ukubwa wa injini ukapanda hadi kwenye sentimita za ujazo 173 hivi.

Historia hiyo ina somo kwa anayetafuta vipuri. Pikipiki zilizotoka katika mchoro mmoja hufanana kama ndugu, lakini vipuri vyao havibadilishani ovyo. BSA waliigeuza injini ya DKW kama inavyoonekana katika kioo, ili wenzo wa gia uwe upande wa kulia kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza wakati ule. Hata D1 zenyewe hutofautiana: nyingi zilifungwa mfumo wa umeme wa Wipac, na nyingine za miaka michache zilifungwa wa Lucas.

Kuitambua pikipiki

Kabla ya kununua kipuri chochote, mkarabati anapaswa kujua ana pikipiki gani hasa. Jina lililo kwenye tangi halitoshi, kwa sababu tangi huhamishwa kirahisi kutoka pikipiki moja hadi nyingine. Utambulisho wa kweli ni namba ya fremu na namba ya injini. Katika Bantam namba ya fremu imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, na namba ya injini imegongwa kwenye mwili wa injini. Herufi zinazotangulia namba huonyesha toleo na kipindi cha kutengenezwa.

Namba hizo hazipaswi kusuguliwa kwa msasa mkali, kufunikwa kwa rangi nene wala kugongwa upya. Katika nchi nyingi kubadilisha namba ya fremu ni kosa la jinai, na pikipiki isiyo na namba inayosomeka inaweza kukosa usajili hata ikiwa imekarabatiwa vizuri. Mnunuzi pia hulinganisha namba na hati za umiliki kabla ya kulipa.

Baada ya namba hutafutwa kitabu cha vipuri cha kiwanda. Kitabu hicho huonyesha kila sehemu kwa mchoro na kuipa namba yake. Namba nyingi za vipuri vya Bantam huanza na 90. Kuagiza kwa namba ni salama kuliko kuagiza kwa maelezo, kwa maana “ringi za pistoni za Bantam” zinaweza kuwa za D1 yenye silinda ya kipenyo cha milimita 52 au za D7 yenye milimita 61.5.

Kufungua na kupima

Pikipiki hupigwa picha pande zote kabla ya kufunguliwa. Kila kundi la bolti na nati huwekwa katika mfuko au kopo lake na kuandikwa lilikotoka. Kazi ya ukarabati huweza kuchukua miezi au miaka, na kumbukumbu ya kichwani haidumu muda huo.

Injini iliyokaa muda mrefu mara nyingi huwa imeganda kwa kutu. Kulazimisha kiki huweza kuvunja meno yake au kupinda konrodi. Njia iliyo salama ni kutoa plagi, kumimina mafuta ya kulainisha kutu ndani ya silinda na kusubiri siku kadhaa.

Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa sababu hailiki sawasawa. Ikiwa imelika kupita kiasi, huchongwa na kufungwa pistoni kubwa zaidi kidogo. Kwa injini za Uingereza za wakati huo ukubwa wa nyongeza kwa kawaida huhesabiwa kwa sehemu za inchi: 0.020, 0.040 na kadhalika. Inchi 0.020 ni karibu nusu milimita. Pistoni hununuliwa kwanza, kisha silinda huchongwa kulingana na pistoni iliyopatikana. Anayechonga kwanza anaweza kubaki na silinda ambayo pistoni yake haipatikani popote.

Katika injini ya mipigo miwili sili za krankishafti hazipaswi kupuuzwa. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia chumba cha krankishafti kabla ya kupanda kwenye silinda. Sili ikichakaa, hewa ya nje huingia, mchanganyiko hupungukiwa petroli, injini hupata joto kali na pistoni inaweza kukwama. Pistoni mpya ya bei kubwa huweza kuharibika kwa sababu ya sili ya bei ndogo.

Aina za vipuri

Vipuri vya pikipiki za kale hupatikana kwa njia kuu tano:

1. Vipuri vya kiwanda ambavyo havijatumika. Hivi vilitengenezwa zamani vikabaki katika maghala. Hukaa sawa vinapofungwa, lakini umri huharibu baadhi yake. Sili za mpira hukakamaa na kondensa hupoteza nguvu hata zikiwa ndani ya boksi.

2. Vipuri vilivyotumika. Hutolewa kwenye pikipiki nyingine ya aina hiyo. Vinafaa kwa sehemu zisizolika haraka, kama fremu, madigadi na mifuniko ya injini.

3. Vipuri vilivyotengenezwa upya. Hivi hutengenezwa leo kwa kuiga vya zamani. Ubora wake hutofautiana, hivyo hupimwa kabla ya kufungwa.

4. Vipuri vya kawaida vya viwandani. Beringi nyingi zina vipimo vya kimataifa. Kwa mfano, beringi namba 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 14, iwe imetengenezwa na kampuni yoyote. Sili nazo huuzwa kwa vipimo hivyo vitatu. Anayepima kwa venia anaweza kupata sehemu hizi katika duka la vipuri vya magari au mashine, bila kutaja jina la pikipiki.

5. Vipuri vinavyochongwa na fundi. Bushi, pini na ekseli huweza kuchongwa kwa mashine ya kereza. Mafundi wa jua kali wa Afrika ya Mashariki wana uzoefu mkubwa wa kazi ya namna hii. Sampuli ya zamani ni muhimu kwao hata ikiwa imevunjika, kwa kuwa ndiyo inayotoa vipimo.

Tatizo la hesi

Kosa la mara kwa mara ni kuchanganya hesi, yaani mistari ya mzunguko iliyo kwenye bolti na nati. Pikipiki za Uingereza za wakati huo zilitumia vipimo vya inchi. Hesi ya Whitworth ina pembe ya nyuzi 55, na hesi ya baiskeli, iliyotumika pia kwenye pikipiki, ina pembe ya nyuzi 60. Bolti ya milimita inayouzwa madukani inaweza kuingia mizunguko miwili au mitatu kwa mkono, kisha ikakaza. Ikisukumwa kwa spana hula hesi ya tundu, na mwili wa injini, ambao ni wa aluminiamu, huharibika. Bolti iliyo sahihi huingia kwa vidole hadi karibu na mwisho.

Usalama

Tangi la zamani haliwezi kuchomelewa kabla ya kusafishwa kabisa, kwani mvuke wa petroli uliobaki ndani unaweza kulipuka hata kama tangi linaonekana kavu. Viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu. Havipulizwi kwa hewa wala kupigwa msasa vikiwa vikavu.

Breki, tairi, spoku, cheni na kebo hazihifadhiwi kwa ajili ya uzuri. Zikichakaa hubadilishwa. Tairi za kisasa zina tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Pia injini ya Bantam haina pampu ya oili. Oili huchanganywa na petroli kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu chake, na petroli tupu huiua injini.

Kubakiza au kubadilisha

Wakarabati hutofautiana kuhusu kiasi cha kubadilisha. Wengine hutaka pikipiki ing'ae kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Wengine huacha rangi ya kiwandani hata ikiwa imefifia, wakisema kwamba rangi ikishaondolewa hairudi. Hati ya Turin ya FIVA, inayotoa mwongozo kuhusu vyombo vya kale, inaegemea upande wa kuhifadhi: kubadilisha kidogo iwezekanavyo na kuweka kumbukumbu ya kilichobadilishwa.

Tofauti hiyo si ya ladha peke yake. Pikipiki iliyobadilishwa fremu, injini na tangi inaweza kutembea vizuri, lakini haiwezi tena kuonyesha jinsi ilivyoundwa, na anayeiuza kama ya asili humdanganya mnunuzi. Kwa sababu hiyo wakarabati waangalifu hutunza vipuri vilivyoondolewa pamoja na daftari la kazi. Wahenga walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Bushi iliyolika inaweza kuwa kipimo pekee kilichobaki, na bila hiyo fundi atakayeifungua pikipiki hiyo baadaye hatakuwa na cha kufuata.