Motokari ya okazio ikiingiza maji: namna ya kumdai muuzaji aitengeneze



Hapa Lubumbashi motokari nyingi tunazonunua zimekwisha kutumika katika nchi nyingine. Nyingi zinatoka Japani, zinashushwa bandarini Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kikundi kinachanga dola kidogo kidogo kwa miaka, kisha siku moja pesa yote inaingia katika chuma kimoja. Kwa hiyo ni lazima tujue haki yetu juu ya chuma hicho.

Kuna ubaya mmoja ambao kiangazi kinauficha: maji. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua hainyeshi, na motokari inaonekana nzuri kabisa. Sisi tulinunua yetu mwezi wa 8, ya kubeba unga na mboga mpaka sokoni. Mvua za mwezi wa 11 zilipoanza, tapi ya mbele ililowa, mifuko miwili ya unga ikaharibika, na ndani kukawa na harufu ya uvundo. Tulipomwendea muuzaji, alijibu: "Mliiangalia, mkaipenda, mkalipa. Imekwisha."

Haikuwa imekwisha.

Kwa nini tusivumilie maji

Chini ya tapi kunapita nyaya za umeme wa motokari. Zikikaa ndani ya maji zinashika kutu, na siku moja taa zinazimika au motokari inakataa kuwaka. Bati la chini nalo linalika polepole. Na ule uvundo ni kuvu: mtoto mwenye pumu akipanda humo kila asubuhi, kifua kinambana.

Tafuteni njia ya maji

Muuzaji atasema: "Ni ninyi mliacha kioo wazi." Basi mwende kwake na ushahidi. Toeni mizigo, kausheni ndani. Mama mmoja aketi ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira, akianzia chini kwenye milango, kisha kioo cha mbele, na mwisho juu ya paa. Kila mahali dakika kumi, mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mkimwaga pote pamoja hamtajua ni wapi panapoingiza.

Angalieni pia kama majani yameziba matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele. Hayo mnaweza kuyasafisha wenyewe. Yakiwa maji yanayoteleza mkononi na kunuka kama sukari, hayo si ya mvua, ni ya radiatere. Kwetu sisi maji yalishuka kwenye pembe ya kioo cha mbele. Fundi wa garaji nyingine aliona gundi ya zamani imeachia na kutu imeanza chini yake. Tulimwomba aandike hivyo kwenye karatasi, atie tarehe na saini.

Sheria inasema nini

Kode Sivile yetu, Kitabu cha Tatu, yaani dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema kwamba muuzaji anajibu juu ya ubaya uliofichika katika kitu alichouza, hata kama yeye mwenyewe hakuujua. Ubaya ambao mnunuzi angeweza kuuona mwenyewe, huo hajibu. Maji yanayoonekana siku ya mvua tu hayawezi kuonekana mwezi wa 8. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa pesa yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini asikawie kudai. Na kama karatasi ya kununua inasema "bila garanti", msaini mkijua: neno hilo linaweza kumwokoa muuzaji ambaye kweli hakujua.

Muuzaji alituuliza pia: "Waume wenu wako wapi? Waje tuzungumze." Tulimjibu kwa upole kwamba sheria ya tarehe 15 Julai 2016, iliyobadilisha Kode ya Familia, iliondoa ile ruhusa ya bwana. Siku hizi bibi na bwana wanapatana wao kwa wao, na muuzaji hana neno humo.

Barua ilifanya kazi

Hatukupiga kelele pale parki. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya kununua, bei, namba ya shasi, siku maji yalipoonekana, maneno ya fundi. Tulidai jambo moja tu: atengeneze kwa pesa yake katika siku kumi na tano, ama sivyo tutapeleka shauri kwenye tribinali. Tukatia picha na kopi ya risiti. Wamama watatu waliipeleka, na muuzaji akasaini kopi yetu kwamba ameipokea.

Siku ya tisa alituita. Fundi wake alitoa kioo, akakwangua kutu, akaweka gundi mpya. Tapi ikaanikwa siku tatu. Mbele ya kusaini kwamba imepona, tulimwaga maji nusu saa mbele yake. Tapi ilibaki kavu. Unga wetu hakuulipa, na hilo bado tunamdai.

Kwa mkutano wenu wa juma hili

Nani anatunza karatasi za vitu vya kikundi, na kopi iko wapi? Tukinunua kitu kiangazi, tutakijaribu kwa maji namna gani mbele ya kulipa? Ni mama yupi kati yetu anaandika barua vizuri? Aanze kuwafundisha wengine wawili.