UKOKA WA UWANJANI NA MAJIRA YA UGOGO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ifikapo mwezi wa Julai ukoka wa uwanja wetu wa mpira hugeuka rangi ukawa kama manyoya ya simba, na hapo ndipo wengi husema kwamba umekufa, heri ung'olewe wote ili mahali pawe safi. Napenda kueleza kwa nini haukufa, na kwa nini kuung'oa ni hasara kwa shule yo yote iliyo katika nchi kavu kama hii ya Haneti. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini mtu aliyelala katika bweni linaloelekea upande wa upepo mwezi wa Septemba, akaamka na mchanga katika meno, hawezi kusema kwamba ni dogo.

Wazazi wetu walio wakulima watacheka wakisoma haya. Nyumbani ukoka ni adui. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia, hushika mizizi katika kila kifundo, na ukiukata kwa jembe kipande kimoja huwa viwili, vyote vikaota. Ni kweli, hata mimi nimeung'oa sana katika shamba la mtama la baba yangu. Lakini tabia ile ile inayoufanya uchukiwe shambani ndiyo inayoufanya ufae uwanjani: kiatu cha mchezaji kikiupasua, baada ya majuma machache umejishona wenyewe.

Tatizo la kwanza ni vitabu. Mtu akipata kitabu cha kutunza nyasi za bustani, mara nyingi kimeandikwa kwa ajili ya watu wa Uingereza, au Kanada, au majimbo ya kaskazini ya Marekani. Huko nyasi za viwanjani ni za jamaa nyingine kabisa, kama vile raigrasi na feskyu. Viwanja vya tenisi vya Wimbledon, kule London, tangu mwaka 2001 vimepandwa raigrasi tupu, nazo hukatwa fupi mpaka milimita 8 wakati wa mashindano. Nyasi hizo hupenda hewa ya baridi kidogo, nyuzi 15 hata 24 za Selsiasi. Kwa hiyo hukua sana mara mbili kwa mwaka, baada ya theluji kuyeyuka na tena kabla haijarudi, na katikati, jua la Julai likiwa kali, hupumzika. Watu wa huko hufuata mwendo huo. Mwezi wa Aprili hivi hukata kwa mara ya kwanza. Wakati wa joto huziacha ndefu kidogo, sentimita 7 hivi, na kuzinywesha. Mwezi wa Septemba ndio wa kazi kubwa, maana ndipo wanapopanda mbegu, kutia mbolea na kutoboatoboa ardhi iliyogandamana. Wakati wa baridi kali huziacha kabisa, wala hawazikanyagi asubuhi zikiwa zimeganda, kwa sababu jani lililoganda huvunjika.

Sasa mwanafunzi wa Haneti akikifuata kitabu hicho neno kwa neno, atapanda mbegu mwezi wa Septemba. Ndege watamshukuru.

Wanaosoma baiolojia watapenda kujua tofauti ya jamaa hizi mbili inatoka wapi. Mmea hujitengenezea chakula kwa kuingiza hewa ya ukaa kupitia vitundu vidogo sana vya majani. Vitundu vikiwa wazi hewa huingia, lakini maji nayo hutoka. Katika nyasi za nchi za baridi, joto likizidi kazi hii huharibika, kwa kuwa mmea hushika oksijeni mahali pa hewa ya ukaa na kupoteza nguvu yake bure. Ukoka una hila yake. Hukusanya kwanza hewa ya ukaa katika seli za nje, ndipo huipeleka kwa wingi katika seli za ndani itumike, na kwa njia hiyo huweza kuvifungua vitundu vyake kidogo tu na bado ukashiba. Wataalamu wawili, Hatch na Slack, waliieleza njia hiyo mwaka 1966 huko Australia walipokuwa wakichunguza miwa. Mtama, uwele na mahindi viko upande wa ukoka; ngano na mpunga viko upande wa raigrasi. Si ajabu, basi, kwamba vihenge vya Ugogo vilijaa uwele na mtama wala si ngano.

Ukoka hukua vizuri sana katika joto la nyuzi 27 hata 35. Baridi ya usiku ikishuka chini ya nyuzi 15 hupunguza mwendo, na Dodoma usiku wa Julai hushuka kufika nyuzi 13 au 14 hivi. Lakini baridi yetu ni jambo dogo. Linalotawala hapa ni maji. Dodoma hupata kwa wastani mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na baadaye twakaa miezi saba tukitazama mawingu yanayopita tu. Kwa hiyo mtu wa kaskazini huhesabu majira yake kwa kipimajoto, na sisi twahesabu yetu kwa mvua. Hilo likieleweka, mengine yote ni mepesi.

Wengine husema, kwa nini tusimwagilie kama wafanyavyo wao? Nimefanya hesabu. Vitabu vyao husema nyasi zipewe milimita 25 za maji kwa juma wakati wa joto. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mita za mraba 7,140. Basi juma moja lahitaji lita 178,500, yaani madumu 8,925 ya lita 20. Kama shule ina wanafunzi 400, kila mmoja atabeba madumu 22 kila juma, na bado hajaoga wala hajapika. Hakuna mtu mwenye akili atakayetaka hivyo mahali ambapo foleni ya kisimani huanza kabla ya kucha. Mvua, kwa upande wake, huumwagia uwanja ule ule karibu lita 4,000,000 katika miezi mitano, bila ndoo. Kazi yetu ni kuwa tayari ifikapo, na kutouharibu ukoka ikiisha.

Tuutazame mbuyu. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yake yote ukasimama mtupu kama mzizi uliopinduliwa, wala hakuna anayekwenda na shoka akisema umekufa. Ukoka wafanya vile vile, ila kwa kuwa uko chini ya miguu yetu hatuuheshimu. Chimba kidogo penye ukoka mkavu mwezi wa Agosti, uufuate mzizi wake, utakuta mashina meupe yenye vifundo vilivyo hai. Hapo ndipo umeweka akiba yake. Mwenye kuuparua kwa jembe wakati huo huyaleta mashina hayo juu yakauke juani, na hapo ndipo hufa kweli.

Katika shule nyingi neno usafi lina maana ya ardhi tupu iliyofagiwa ikabaki na michirizi ya fagio. Inapendeza macho asubuhi, sikatai. Lakini udongo usio na kifuniko huchukuliwa na upepo wa Septemba, na unaobaki hupigwa na mvua ya kwanza ya Desemba, ambayo kwetu huja kwa nguvu, ukatelemka na maji. Kila mwaka ngazi ya mlango huonekana kuwa ndefu zaidi, na watu husema jengo limeinuka!

Jirani zetu wa Kondoa walikwisha kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Makorongo yalikula vilima vyao hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, mwaka 1973. Na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika. Haukuwa uamuzi mwepesi, maana ng'ombe ni mali na ni mahari na ni maziwa ya watoto. Lakini nyasi na miti vilirudi, na kwa sehemu kubwa vilirudi vyenyewe kwa kuwa vilipumzishwa. Kule Kongwa nako, mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulifyeka pori kwa matrekta. Udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu kama tofali kiangazi, mvua zikapungua, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baadaye nchi ile ile ikawa ranchi ya ng'ombe. Karanga zilishindwa, nyasi zikaweza.

Hoja ya nyoka ni ya kweli na haifai kuchekwa. Nyoka hujificha katika nyasi ndefu. Walakini ukoka wa sentimita 4 au 5 hauwezi kumficha hata mjusi. Kinachotakiwa karibu na mabweni ni nyasi fupi, wala si kukosa nyasi.

Sasa nieleze kazi zenyewe. Mvua ikishalowesha ardhi vizuri, mwisho wa Desemba au mwanzo wa Januari, ndio wakati wa kupanda palipo na vipara. Hatuhitaji mbegu. Chukua mashina yatambaayo, yakate vipande vya urefu wa kiganja, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu, uvilaze katika mifereji midogo iliyoachana sentimita 30, ufukie vifundo viwili na kimoja kichungulie. Kisha kanyaga. Kukanyaga ndiko kunakosahauliwa, na kipande kisichobanwa na udongo hukauka upesi. Mwezi huo huo ng'oa mbigili kwa mkono kabla haijatoa miiba; wachezaji wanaocheza peku wajua sababu. Februari na Machi ukoka hukua mbio, nao ufyekwe kila juma, lakini usikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Makali ya fyekeo yanolewe, maana fyekeo butu huchana jani badala ya kulikata, na ncha yake ikageuka nyeupe. Vilivyokatwa viachwe papo hapo vioze viwe mbolea, isipokuwa vikiwa vingi hata vikafunika.

Mwezi wa Aprili, mvua zikipungua, fyekeo liinuliwe: uache sentimita 5 au 6. Jani refu kidogo hulisha mzizi, na mzizi ulioshiba ndio utakaovuka kiangazi. Tangu Mei usifyeke tena. Usichome moto. Usiparue. Magoli ya mazoezi yahamishwe mara kwa mara, na mistari ya paredi isiwe mahali pale pale kila siku, maana ukoka uliolala huvumilia ukame kuliko kukanyagwa. Maji ya kusuuzia nguo, yasiyo na povu jingi, yatosha kuweka hai kitalu kidogo cha mita 3 kwa 3 nyuma ya bweni. Kitalu hicho ndicho kitakachotoa vipande vya kupanda Januari, na kiwe mbali na bustani ya mboga kwa mita moja iliyolimwa daima, la sivyo mtalima mchicha ndani ya ukoka.

Mwezi wa Novemba toboatoboa mahali palipogandamana, hasa mbele ya magoli, kwa nondo iliyochongwa ncha, kisha tandaza samadi iliyooza kabisa, safu nyembamba tu. Samadi mbichi huja na mbegu za magugu yote aliyokula ng'ombe.

Novemba hiyo sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa katika mtihani wa Taifa, na mvua itatukuta tumekwisha kwenda makwetu. Kwa hiyo wa Kidato cha Tatu wajue tangu sasa: kitalu kimo nyuma ya bweni la mwisho, nondo mbili zilizochongwa zimo stoo pamoja na mafyekeo, na kipara kikubwa kuliko vyote ni kile cha goli la upande wa magharibi, kinachohitaji vipande kama 600.