Nataka Kuwa Rubani: Nianzie Wapi?



Kila mwaka nikiwauliza wanafunzi wangu wanataka kuwa nini wakikua, hawakosi wawili watatu wanaojibu, "Rubani, ustadh." Ni kazi ya halali na ya heshima. Lakini masomo yake ni ghali sana, na anayekosea mlango huweza kupoteza mali ya familia nzima.

Mwaka jana mama mmoja mjane alinijia baada ya sala ya Alasiri. Alikuwa ameshapata mnunuzi wa kiwanja alichoacha marehemu mumewe, ili mwanawe mkubwa akasomee urubani. Nilimuuliza mambo mawili: "Mama, wadogo zake hawana haki katika kiwanja hicho? Na kijana ameshapimwa afya?" Hakuwa amepimwa. Alipopimwa, ilionekana hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, akakosa cheti. Alhamdulillah, kiwanja kilikuwa hakijauzwa.

Basi ndugu mwanafunzi, hatua ya kwanza ni afya. Rubani wa kulipwa lazima awe na cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, baada ya kupimwa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Hupimwa macho, masikio, moyo na mengineyo. Miwani peke yake si kizuizi, maadamu ukiivaa unaona kwa kiwango kinachotakiwa. Pimwa kabla ya kulipa ada yoyote.

Pili, fahamu ngazi za leseni. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), leseni ya rubani binafsi huanzia miaka 17 na kwa kawaida saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara huanzia miaka 18 na saa 200, au 150 kwa kozi maalumu iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, hutaka miaka 21 na saa 1,500. Masharti haya ni sawa kwa mvulana na msichana. Hisabati, Fizikia na Kiingereza usivipuuze tangu sasa.

Tatu, chagua njia. Ziko tatu:

1. Kozi ya mfululizo. Unasoma chuo kimoja mpaka upate leseni ya biashara. Ni ya haraka, lakini huhitaji fedha nyingi kwa muda mfupi.

2. Hatua kwa hatua. Unapata leseni binafsi, unatulia, unakusanya fedha, kisha unaendelea. Huchukua muda mrefu, lakini ukikwama hujapoteza kila kitu.

3. Kufadhiliwa na shirika la ndege. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Aghalabu hutiwa saini mkataba wa kulitumikia shirika kwa miaka kadhaa, basi usomeni vizuri.

Vyuo vipo karibu nasi. Uwanja wa Wilson, Nairobi, una vyuo vya urubani, na Uganda kuna chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Ukisomea mbali, uliza kwanza gharama ya kubadilisha leseni ili itambulike nyumbani.

Wazazi wapenzi, leseni ya biashara si ajira. Mashirika hutaka pia idhini ya kuruka kwa vyombo bila kutegemea kuona nje, na mafunzo ya aina maalumu ya ndege. Vijana wengi huanza kwa kufundisha au kurusha ndege ndogo, kama zile za Lamu na mbuga za wanyama, wakikusanya saa. Wekeni akiba ya kipindi hicho.

Kwa familia nyingi zetu, naona njia ya pili ndiyo salama zaidi. Msikimbilie mkopo wa riba, wala msiguse haki ya yatima. Fanyeni shura, mswali istikhara, kisha mtegemeeni Allah (s.w.t.). Ndoto ya mtoto mmoja isiwaache wenzake bila paa.

Wabillahi tawfiq.