Fungo si paka

Kando ya njia ya porini kuna rundo la kinyesi, kikavu chini, kibichi juu. Ndani yake zimo mbegu za matunda na pete ngumu za jongoo, ambaye wanyama wengi hawamgusi kwa sababu ya sumu yake. Hapo ni chooni kwa fungo, mnyama wa usiku anayerudi palepale kujisaidia.

Wengine humwita ngawa, wengine paka wa zabadi. Ana madoa, uso mweusi kama aliyefungwa kitambaa machoni, na uzito unaoweza kupita kilo 15. Kiukoo yuko upande mmoja na paka na fisi, mbali na mbwa, lakini nyumba yake ni nyingine: Viverridae, familia iliyopewa jina na Mwingereza John Edward Gray mwaka 1821.

Nyumba hiyo imehamwa sana. Zamani karibu kila mla nyama mdogo mwenye pua iliyochongoka na miguu mifupi alisukumiwa humo. Nguchiro alikuwemo, siku hizi ana familia yake. Fosa wa Madagaska naye alitoka, baada ya vinasaba kuonyesha kwamba yeye na wala nyama wenzake wa asili wa kisiwa kile ni watoto wa babu mmoja.

Aliyewachanganya watu zaidi ni fungo wa miti, anayeishi kuanzia Afrika Magharibi hadi milima ya Tanzania. Kwa sura mtu ataapa kwamba ni ndugu wa fungo. Ila mifupa ya sikio lake ni ya kizamani mno, na vinasaba vinasema alishika njia yake kabla hata paka na fisi hawajaachana. Sasa anaishi katika familia ya peke yake.

Kanu, mla nyama mwingine wa nyumba ya fungo, hakuhamishwa. Tena mwaka 1998 wataalamu walimtambulisha kanu wa Unguja kuwa nususpishi mpya.

Na zabadi yenyewe? Ni ute mzito wa manjano kutoka tezi zilizo chini ya mkia. Nchini Ethiopia fungo hufungiwa vizimbani, ute ukakwanguliwa kila baada ya siku kadhaa na kushindiliwa ndani ya pembe za ng'ombe, tayari kwa watengeneza manukato. Ukiwa mbichi unanuka vibaya. Ni ukizimuliwa ndipo unapopendeza. Mwaka 1758 Linnaeus alipompa jina ndugu wa Kiasia wa fungo, alimwita Viverra zibetha. Hiyo zibetha ni zabadi ileile ya Waarabu, imevaa koti la Kilatini.